Salamu Iliyonivisha Fupa

Juzi kitukuu changu karudi kutoka shule yao ile ya kulipia, ya basi la njano, kifuani kaning'iniziwa kibao cha duara kwa kamba. Kibao kimeandikwa Kizungu. Nikamwuliza, "We mtoto, leo umekuwa mbuzi wa mnadani?" Akaanza kulia. Kumbe kosa lake kasema Kiswahili. Kamwomba mwenzake ufutio kwa Kiswahili, basi. Mtoto wa Tanzania, yuko Tanzania, kavishwa ubao kwa kuomba ufutio.

Nikacheka mpaka kilemba kikanidondoka. Mama yake, yaani mjukuu wangu, akanuna. "Bibi unacheka nini? Ndiyo utaratibu wa shule. Lazima wajue Kiingereza."

"Mimi sikicheki Kiingereza," nikamwambia. "Nakicheka kibao. Huyu namjua. Huyu nimesoma naye darasa moja."

Akanitazama kama mtu anayefikiria kunipeleka hospitali. Basi kaeni niwaambie, maana wenye shule hizo wanadhani wamegundua kitu kipya, na wanalipwa kwa kitu ambacho sisi tulivishwa bure. Enzi zetu hakikuwa kibao, lilikuwa fupa.

Kwanza mjue kwamba shule niliitaka mwenyewe. Wasichana wa kwetu walikuwa hawaendi, na wengine walijificha kwenye mtama wakisikia mtu wa Mtemi anapita kuandikisha watoto. Mimi sikujificha, na sababu ilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa ananyonyesha mdogo wangu, ziwa moja likamvimba, likawa gumu kama jiwe la kusagia. Mtoto akilia, mama naye analia. Tukaenda naye zahanati. Pale alikuwepo dresa mmoja, mtu wa kwetu kabisa, mama yake tulikuwa tunachota naye maji, lakini ukiingia mlangoni hakujui. Mama akaanza kumweleza kwa Kisukuma. Dresa akapiga meza. "Sema Kiswahili! Hapa ni ofisi ya serikali!"

Mama hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea chumvi. Akaweka mkono kifuani, taratibu, kwa aibu, maana kulikuwa na wanaume wamekaa kwenye benchi. Dresa akatikisa kichwa kama mganga mkubwa, akampa dawa ya kikohozi. Ya kikohozi! Mama kaenda na ziwa, karudi na chupa ya kikohozi, na akainywa, maskini, akaimaliza, kwa sababu ni dawa ya serikali. Ziwa lilipasuka lenyewe, na mdogo wangu akalelewa kwa maziwa ya mbuzi.

Siku ile tukirudi, mama akaniambia njiani, "Kajifunze lugha ya yule jogoo. Siku nyingine useme wewe." Ndiyo hamu yangu ya shule ilipoanzia. Sikutaka ukarani, sikutaka viatu. Nilitaka maneno ya kumwambia yule mtu pale mezani kwamba mama yangu anaumwa ziwa.

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, na kwake mtoto wa kike akienda shule ni ndama aliyechepuka kwenye kundi. Mama alimsema wiki nzima, asubuhi anamsema, kwenye ugali anamsema, mpaka baba akachoka. Akaniita zizini.

"Nenda," akasema. "Lakini siku utakayorudishwa, iwe kwa utoro, iwe kwa ujinga, iwe kwa kosa la mtu mwingine, shule imekwisha. Mimi sitakwenda kumpigia magoti kijana yule mwalimu wa kaptula."

Nikasema ndiyo baba. Ningekubali hata angesema nitembelee mikono.

Shule yenyewe ilikuwa upande wa Ibadakuli, nyumba ya udongo, paa la nyasi, na kengele yake kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya. Mwalimu alikuwa mmoja, kijana wa Kisukuma kama mimi, kazaliwa ng'ambo ya mbuga, kachunga ng'ombe kama kaka zangu na kuogelea kwenye malambo yale yale. Akaenda kusoma huko mbali, akarudi na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyama, na soksi hadi magotini. Kisukuma eti kakiacha huko huko. Kasahau! Ukimwambia kitu kwa Kisukuma anakunja pua kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Sielewi," anasema. "Hiyo ni lugha ya ng'ombe."

Lugha ya ng'ombe, sawa. Maziwa ya hao ng'ombe tulikuwa tunampelekea kila asubuhi kwenye kibuyu, na hayo hakuyakunjia pua.

Sasa fupa. Lilikuwa taya la chini la ng'ombe, meno yake bado yamo, limefungwa kamba ya katani. Alilichukua kwa wachinjaji hata halijakauka, kwa hiyo wiki za mwanzo lilikuja na nzi wake. Sheria ilikuwa hivi: ukisema neno la Kisukuma ukiwa shuleni unavishwa. Unakaa nalo mpaka umsikie mwenzako naye kasema, unamvisha yeye. Jioni reli ikigongwa, aliyebaki nalo anachapwa viboko, halafu anakwenda kuchota maji ya nyumbani kwa mwalimu. Na ukimaliza nalo siku mara tatu, hufai, unarudishwa kwenu. Ningemaliza nalo siku mara tatu, basi, shule na baba vimekwisha kwa pamoja.

Nyie fikirini. Tumeingia pale Kiswahili chetu chote ni "shikamoo mwalimu", "ndiyo mwalimu" na "naomba kwenda chooni". Kwa maneno hayo mtoto atachezaje? Tukawa shule ya mabubu. Muda wa mapumziko watoto wanakimbizana kimya kimya kama wezi, mtu akianguka anafunika mdomo. Ungepita njiani ungedhani kuna msiba. Na mkaguzi wa kwanza aliyetukuta hivyo akatusifu, akasema tuna nidhamu.

Halafu viboko vyenyewe. Mtu akichapwa analia, siyo? Na kilio kinatoka na lugha yake. Sisi mtoto akiumia anamwita mama yake, "Mayuu!" Basi mwalimu anasikia "mayu", anaongeza kiboko. "Lia kwa Kiswahili!" Mtoto anatulia kwanza, anafikiri, machozi yanamtoka, halafu analia "Mamaa!" kwa mpango, kama anayejibu swali. Mpaka leo nikikumbuka sijui nicheke au niteme mate. Natema, halafu nacheka.

Na tukajifunza ubaya. Aliyevaa fupa alilificha chini ya nguo, anakuja kwako mpole, anatabasamu, halafu anakukanyaga kidole cha mguu. Nani atakayepiga kelele kwa Kiswahili akikanyagwa? Ndivyo nilivyolivaa mara ya kwanza, nikabaki nalo mpaka reli ikagongwa. Mara ya pili ilikuwa nyoka. Aliingia darasani, kapita karibu na mguu wa binti wa fundi seremala niliyekaa naye, mimi nikapiga ukelele wa Kisukuma ule wa nyumbani, watoto wote wakaruka, nyoka kauawa, na jioni fupa liko shingoni kwangu. Nikamwambia mwalimu kwamba ni kwa ajili ya nyoka. Akasema, "Nyoka ana jina la Kiswahili." Jina nililijua! Lakini nyoka hakunisubiri nilitafute.

Kwa hiyo nikabaki na nafasi moja. Nyumbani sikusema. Shuleni nikawa nafunga mdomo mpaka taya zinauma. Lakini Kiswahili kilikuwa kinaingia, na hilo silifichi. Mimi sikatai kwamba kilikuwa kinaingia. Nilikuwa nakaa karibu na duka la Mhindi kuwasikiliza madereva wa malori, narudia maneno yao peke yangu nikipeleka maji. Mengine yalikuwa matusi, nayo nikayachukua. Nilikuwa nahesabu ng'ombe wa baba kwa Kiswahili, na nilimwambia mama maneno ya kusema zahanati, ananicheka, anayajaribu, ulimi unamteleza.

Ikaja siku ya mkaguzi mwingine, Mzungu mkubwa wa elimu. Mwalimu alikuwa anataka kuhamishiwa shule kubwa ya mjini, kila mtu alijua. Tukapaka mawe chokaa, tukafagia mpaka vumbi likaisha, tukafundishwa wimbo. Fupa nalo likasuguliwa kwa mchanga. Alitaka lionekane. Alitaka Mzungu ajionee jinsi yeye anavyokifukuza Kisukuma. Siku hiyo lilikuwa shingoni kwa binti wa seremala, mwenzangu wa benchi, akasimamishwa mstari wa mbele kama pambo la harusi.

Gari likaja. Mzungu mrefu, mwekundu kama nyanya, kofia kama ungo. Tukaimba. Akauliza fupa ni la nini, mwalimu akamweleza kwa Kiingereza, mikono inacheza hewani, Mzungu akawa anatikisa kichwa na kuvuta kiko.

Hapo ndipo bibi mmoja akatokea kwenye njia ya mbugani. Kavaa kaniki, miguu ina vumbi hadi magotini, ana fimbo mkononi na kifurushi cha kitambaa kichwani. Katembea mpaka mbele ya mistari yetu, akasimama, akatua kifurushi.

"Mwangaluka, bhana bhane," akasema. Habari za asubuhi, wanangu.

Tukamtazama tu.

Wasiojua, nawaambia. Kwetu mkubwa akifika hatazamwi kama tangazo. Mtoto wa kike unapiga goti, unapiga makofi taratibu, unaitikia. Anakuuliza wewe ni wa kwa nani, unamtajia baba yako na babu yako, ili ajue anasalimiana na damu ya nani. Ndipo mengine yanafuata. Salamu ya mzazi ukiiacha bila kuitikia, umemwambia kwamba yeye alishakufa na hapo kimesimama kivuli. Na pale tulikuwa watoto shule nzima, wote tumezaliwa kwenye salamu hiyo, tumesimama kama miti, macho yako kwenye fupa.

Bibi akatutazama huyu na huyu. Akaanza kuogopa, nilimwona. Akadhani kuna ubaya umeipata shule. Halafu akamwona mwalimu, uso ukamfunguka.

"Mwanangu," akasema kwa Kisukuma, "kumbe upo! Ni mimi. Baba yako amelala, ugali hali, anakuita wewe tu. Nimetoka kabla ya jua."

Sisi wote tukaelewa. Hakuna mtoto aliyekuwa hajaelewa. Mzungu akatoa kiko mdomoni, akauliza kwa Kiswahili ili na sisi tusikie, "Huyu mama anataka nini?"

Na mwalimu, mtu mzima na soksi zake, akajibu, "Sijui, bwana. Anasema kienyeji. Ni mwanamke wa porini, nadhani amepotea njia."

Haki ya Mungu nilisikia hivyo kwa masikio yangu haya. Amepotea njia! Mama aliyemzaa!

Bibi hakukijua Kiswahili, kwa hiyo hakujua amekanwa. Aliona tu mwanawe hamjibu. Akadhani karogwa masikio. Akasogea, akanyoosha mkono amshike paji la uso kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa, na mwalimu akarudi nyuma akijipangusa kaptula.

"Mwangaluka," bibi akasema tena, sauti imekwisha.

Mimi sikupanga kitu. Watu wakisikia hadithi hii wanasema nilikuwa jasiri, hapana, nilikuwa naogopa. Lakini magoti yangu yalifundishwa kabla ya mdomo. Yakashuka. Nikapiga makofi, nikasema, "Mwangaluka, mayu."

"Mhola?" akauliza. Salama?

"Mhola duhu, mayu." Salama tu.

"Wewe ni wa kwa nani, ng'waniki?" Ng'waniki ndiyo msichana.

Nikamtajia baba, nikamtajia babu. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akasema babu yangu anamjua, waliwahi kuchimba naye lambo. Sasa akawa na mtu. Akaniambia mimi yote: kwamba mzee ni mgonjwa, kwamba huyu ni mwanawe wa mwisho, kwamba nimwulize kwa nini hasemi, anaumwa nini.

"Wewe msichana," Mzungu akaniita. "Anasema nini?"

Nikasimama. Nikakusanya Kiswahili changu chote, cha darasani na cha madereva, nikakiacha cha matusi, nikasema, "Anasema yeye ni mama wa mwalimu. Anasema baba wa mwalimu ni mgonjwa sana, anamwita. Anauliza mwalimu anaumwa nini, mbona haongei."

Mzungu akamgeukia mwalimu. "Ni mama yako?"

Jamani, nisikilizeni jibu hili. Mwalimu akavuta soksi moja juu, akasema, "Ndiyo, bwana. Kwa namna fulani."

Kwa namna fulani! Nyumbani kwetu neno hilo halijafa mpaka leo. Mtu akila nyama ya jirani halafu akakana, tunamwuliza, "Ulikula kwa namna fulani?"

Basi Mzungu akavua kofia yake, akamwinamia bibi, akasema kwa sauti kubwa, "Mwangaluka, mayu!" Alivyolitamka, ungedhani anatafuna mfupa wa samaki, lakini lilikuwa lenyewe. Bibi akaitikia kwa furaha. Na unajua nani alianza kupiga makofi? Mwalimu. Akapiga makofi, akatuashiria na sisi tupige, shule nzima ikapiga makofi kwa sababu Mzungu kasema neno moja la lugha ya ng'ombe. Msiniulize kama alivishwa fupa. Hakuvishwa. Wala hakulikataza. Aliuliza mambo mawili matatu ya pamba ya shule, akapanda gari lake, akaenda zake na kofia yake.

Vumbi la gari halijatulia, mwalimu akasema, "Fupa."

Binti wa seremala akalishika kwa mikono miwili, hataki kulivua. Alijua mimi nimebakiwa na nafasi moja. Mwalimu akalivua mwenyewe, akanivisha mimi, na reli akaigonga mwenyewe, asubuhi hiyo hiyo, ili siku iishe nikiwa nalo.

"Mara ya tatu," akasema. "Nenda kwenu."

"Mwalimu," nikasema, na Kiswahili changu siku hiyo kilikuwa kinatiririka, sijui kilitoka wapi, "na yule bwana je?"

"Bwana gani?"

"Bwana mkaguzi. Na yeye amesema mwangaluka."

Watoto wakaguna kucheka. Kofi likaja. Hilo sikuhitaji kutafsiriwa.

Nikatoka. Mwalimu akachukua baiskeli yake, akamwambia mama yake kitu kwa mkono tu, kwamba atangulie, atangulie, akapanda, akatupita njiani kengele inalia kiriri kiriri kama sisi ni mbuzi. Kaenda kwa baba yake kwa baiskeli, mama yake nyuma kwa miguu. Tukabaki wawili, mimi na bibi, maana njia yetu ilikuwa moja mpaka kwenye mbuga.

Tukaenda kidogo. Halafu akaniuliza, "Mbona wenzako wamebaki, wewe unatembea na mimi? Umekosa nini?"

"Nilikusalimia, mayu."

Akasimama. Akatua kile kifurushi, akakaa chini pembeni mwa njia, akakifungua. Ndani kulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, bado vina uvuguvugu wa kubebwa juani. Alimletea mwanawe.

"Kaa ule wewe," akasema.

Nikala nikilia, na kilio hicho nilikilia kwa Kisukuma, kwa raha zangu, hakuna wa kunisahihisha.

Mzee wake alipona. Bibi alikuja kutuambia baadaye, akimletea mama yangu karanga. Akasema yule mgonjwa alikuwa anataka kumgawia mwanawe ng'ombe wa kuolea kabla hajafa. Na mwanawe aliposikia habari ya ng'ombe, akaketi kwenye kigoda, Kisukuma kikamrudia chote, na cha zamani, na cha wazee, na cha kubembeleza. Hakikosi hata neno! Mama yangu alicheka akashika mbavu.

Baba, je? Nilimkuta zizini anamtoa kupe ng'ombe. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Wamekufukuza kwa kumwitikia mkubwa?"

"Ndiyo, baba."

"Shule hiyo ingenifukuza hata mimi," akasema, akaendelea na kupe.

Nikangoja aseme kesho tutakwenda wote. Hakusema. Alishasema hatampigia mtu magoti, na baba alilitunza neno lake kuliko alivyonitunza mimi. Yeye naye namweka humo humo kwenye kundi lao, Mungu amrehemu. Mwalimu kanifukuza kwa kiburi cha Kiswahili, baba kaniacha nifukuzwe kwa kiburi cha Kisukuma, na katikati yao wanaume wawili mimi nikapoteza benchi langu. Nililipenda lile benchi. Asubuhi reli ikilia huko mbali nilikuwa naisikia mpaka kwenye mtama, nikawa naimba kwa nguvu ili nisiisikie.

Mama ndiye hakukubali nipotee hivi hivi. Alipopata mimba nyingine na miguu ikavimba, akanishika mkono mpaka zahanati. Dresa yule yule, meza ile ile. "Sema Kiswahili!" Nikasema. Nikasema miguu, nikasema mimba, nikasema tangu lini, na sikumaliza. "Na ile ya siku zile haikuwa kikohozi," nikamwambia, "lilikuwa ziwa." Watu wa kwenye benchi wakageuka. Dresa akainama akaandika dawa. Mama hakuelewa nilichosema lakini aliona sura ya jogoo, akatoka pale anatembea kama mke wa Mtemi, na miguu yake iliyovimba.

Kiswahili kilichobaki nilikimalizia Geita. Nilipelekwa kwa shangazi yangu aliyekuwa anauza uji na mandazi kambini kwenye mgodi. Tulikwenda na lori, tukapita porini huko Bugarama kulikuwa hakuna kitu, mbung'o tu wanaingia mpaka mdomoni. Kambini kulikuwa na kila mtu: Wazinza, Wasumbwa, Wanyamwezi, Wahaya, Warundi, na watu wa pwani wenye kanzu zao. Kila mmoja na Kiswahili chake, kimoja kilema, kingine hakina meno. Ukikosea wanakucheka, halafu wananunua andazi, kesho hukosei. Hakuna aliyevaa taya la ng'ombe.

Lakini msidhani nawatetea wasiotaka kujifunza. Hao nao! Nina binamu yangu alikuja mgodini akasema Kiswahili ni lugha ya watu wasio na ng'ombe, hakitii mdomoni mwake. Siku moja wakapiga kelele kwamba baruti inawashwa, tokeni. Wenzake wakakimbia. Yeye akadhani wanakimbilia ugali, akakimbia naye asije akakosa. Kapona kwa ulafi! Siku hiyo ugali ungekuwa umeshaliwa, tungemzika.

Kwa hiyo nikiwasikia kwenye redio wanabishana, shule iwalazimishe watoto lugha nyingine au isiwalazimishe, na wasomi wanavyojikohoza, mimi nasema walazimishwe. Mtoto ukimwachia achague, atachagua kulala. Wapewe Kiswahili, wapewe Kiingereza, wapewe na Kichina kama walimu wapo. Anayesema mtoto wa mkulima kinamtosha cha nyumbani, huyo mpeni chupa ya kikohozi anywe. Lakini ninyi wenye mafupa! Mtu mwenye akili anayemwongezea mtoto nguo ya pili, anamvua ya kwanza kwa nini? Mwalimu anayejua kufundisha hahitaji taya la ng'ombe. Anayelihitaji ni yule aliyeshindwa kufundisha.

Ndiyo nikamwambia mjukuu wangu juzi, amesimama pale na mkoba wake wa ofisini. "Wewe," nikasema, "Kiswahili ni lugha yako, siyo?"

"Ndiyo, bibi, lakini..."

"Kwa namna fulani?"

Hadithi hiyo anaijua, kalelewa nayo. Akatazama kibao, akamtazama mtoto, akaenda jikoni kuweka chai.

Nikamwita kitukuu. Nikamvua kamba. Nikamwambia anisalimie kwa Kisukuma, akapiga goti, akasema mwangaluka, akauliza kwa Kiswahili kama amesema vizuri, halafu akaniimbia wimbo wa Kiingereza wa basi lao. Lugha tatu kwa mtoto ambaye meno ya mbele hana. Mbona zimekaa humo hazigombani?

Kibao nimekiosha. Ni mbao nzuri, na duara lake limelingana sawasawa na mdomo wa mtungi wangu wa maji, kwa hiyo nimefunikia. Shule wametuma ujumbe kwamba kirudishwe. Nimesema waje wakichukue wenyewe, na wakifika mlangoni waanze na salamu, lugha wachague wao. Mimi nitaitikia.